Mwandishi wa Watakatifu na Mtunzi wa Butiama

Manakibu ya mawalii si fani ngeni kwa watu wa pwani. Mja mwema akifariki, hutokea mwenye kalamu akayakusanya yanayosimuliwa juu yake, akayapanga, yakasomwa mbele ya watu siku ya kumkumbuka. Ulaya ya kale nayo ilikuwa na kalamu za namna hiyo, na nyingi zilishikwa na watawa wa Mtakatifu Benedikto.

Mmoja wao ni Goscelin, mtawa wa Saint-Bertin huko Flanders, aliyevuka bahari kwenda Uingereza katika karne ya 11. Alipofiwa na mlezi wake, Askofu Herman, mwaka 1078, alihamahama kutoka monasteri moja hadi nyingine, akiandika maisha ya watakatifu wa kila mahali. Karibu na mwaka 1080 aliandika habari za Edith, binti wa Mfalme Edgar, aliyekuwa amefariki takriban karne moja kabla. Mashahidi wake walikuwa watawa wa kike wa Wilton, nyumba ya Edith mwenyewe, waliozipokea habari hizo kwa waliowatangulia. Goscelin hakulificha hilo, bali aliutetea ushahidi wa wanawake wale.

Shirika hilohilo lilifika nchi ambayo leo ni Tanzania mwaka 1888, likajenga Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Mwaka 1996 wachapaji wake wa Ndanda na Peramiho walitoa tenzi za Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mkoani Mara: Injili nne na Matendo ya Mitume. Mzanaki huyo wa bara aliazima bahari ya utenzi, ileile iliyombeba Mwengo bin Athumani wa Pate katika Utendi wa Tambuka mwaka 1728, akawasimulia kwayo Petro na Paulo.

Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma, ambalo Tarime na Serengeti zimo ndani yake, lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, naye akapewa jina la Mtumishi wa Mungu. Msimulizi wa mitume akawa yeye ndiye wa kusimuliwa.

Kazi hiyo ni nzito kuliko ya Goscelin, kwani Edith aliishi utawani, naye Nyerere alitawala nchi. Wapo waliosoma kwa juhudi zake. Wapo waliowekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Na wapo, Serengeti ikiwemo, waliohamishwa kwa nguvu kuingia vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Atakayeandika maisha yake na asiwasikilize wote hao atakuwa ametunga kasida ya sifa, si maisha ya mtu. Wazee walioyaona hayo kwa macho yao wanapungua kila mwaka, na Wilton inafundisha kwamba ushahidi huokolewa na yule anayekaa chini na kuwauliza.