Uchovu wa kupishana saa: Tiba ya mikono ya kraniosakro inasaidia nini?

Mfanyabiashara anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwenda Guangzhou kununua bidhaa hufika akiwa na mtaji wake wote na kichwa kizito. Usiku usingizi hauji, mchana macho yanafumba, na hesabu za bei, idadi ya katoni na ujazo wa kontena zinamchanganya. Huo ni uchovu wa kupishana saa, unaowapata wanaovuka kanda kadhaa za saa kwa ndege.

Miongoni mwa tiba zinazotangazwa kwa wasafiri wa aina hiyo ni kraniosakro, ambapo mtoa tiba humgusa mteja taratibu kichwani na mgongoni. Makala hii inaeleza tiba hiyo ni nini, utafiti umeonyesha nini, na msafiri wa biashara afanye nini ili asilipe malipo ya awali akiwa nusu usingizini.

Nini kinatokea mwilini

Ndani ya ubongo kuna kundi dogo la chembe hai linalofanya kazi kama saa. Saa hiyo hupanga wakati wa usingizi, njaa, joto la mwili na kutolewa kwa melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia. Hurekebishwa hasa na mwanga unaopita machoni. Ndege huvuka bahari kwa saa chache, lakini saa ya mwili husogea polepole, kwa makadirio ya siku moja kwa kila kanda ya saa. Kwenda mashariki ni kugumu zaidi kuliko kwenda magharibi, kwa sababu kwa watu wengi saa ya mwili huzunguka kwa muda unaozidi kidogo saa 24. Kuchelewa kulala ni rahisi kwake kuliko kuwahi.

Tofauti za saa kutoka Tanzania, Kenya na Uganda ni hizi:

- Istanbul: hakuna tofauti
- Dubai: saa 1 mbele
- Mumbai: saa 2 na nusu mbele
- Guangzhou na Yiwu: saa 5 mbele
- Japani: saa 6 mbele

Anayetoka Rwanda, Burundi au mashariki ya Kongo aongeze saa 1.

Kwa hiyo anayerudi Dubai au Istanbul akiwa hoi, mara nyingi amechoshwa na safari yenyewe: kukaa muda mrefu, kukosa usingizi na kubeba mizigo. Kulala vizuri usiku mmoja au miwili humtosha. Anayekwenda China au kufuata magari Japani ndiye mwenye tatizo la saa.

Kraniosakro ni nini

Jina hilo linaunganisha fuvu la kichwa na sakramu, mfupa ulio chini ya uti wa mgongo. Asili yake ni Marekani. William Garner Sutherland (1873-1954), mtaalamu wa osteopathi, alidai kuwa mifupa ya fuvu ina mwendo mdogo unaoweza kuhisiwa kwa mikono. Baadaye John Upledger, naye mtaalamu wa osteopathi, aliiendeleza dhana hiyo na kuanzisha taasisi yake Florida mwaka 1985 kufundisha tiba hii.

Mteja hulala chali akiwa amevaa nguo zake. Mtoa tiba huweka mikono chini ya kisogo, pembeni mwa kichwa au chini ya kiuno, kwa mguso mwepesi wa kama gramu 5. Watoa tiba husema wanahisi mdundo wa majimaji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, na kwamba kuufungua mdundo huo kunaurudisha mwili katika hali yake. Kwa wasafiri, madai ni kwamba tiba hii hupunguza maumivu ya kichwa, hutuliza mishipa ya fahamu na kurekebisha usingizi.

Utafiti unasemaje

Msingi wa tiba hii haujathibitishwa. Mifupa ya fuvu la mtu mzima imefungamana, na watoa tiba waliopimwa kwa mteja yuleyule walitoa hesabu tofauti za mdundo wanaodai kuuhisi. Mwaka 1999 tathmini iliyofanywa British Columbia, Kanada, ilisema ushahidi wa kuiunga mkono hautoshi. Mapitio ya mwaka 2020 yaliona nafuu kwa baadhi ya wenye maumivu ya muda mrefu, lakini mapitio mengine ya mwaka 2024 hayakuona faida ya maana. Kuhusu saa ya mwili, hakuna njia inayojulikana ambayo mguso wa kichwani unaweza kuisogeza. Inayoisogeza ni mwanga, na melatonini ikitumiwa kwa wakati wake.

Hii haina maana kwamba aliyepata nafuu amedanganya. Kulala kimya chumba tulivu, simu ikiwa imezimwa na mtu akikugusa kwa upole, humpumzisha yeyote. Shingo iliyokaza kwa safari ya zaidi ya saa 10 hulegea. Lakini masaji ya kawaida au kuoga maji ya moto na kujinyoosha huweza kuleta mapumziko kama hayo kwa gharama ndogo. Mwenye uwezo anaweza kulipia apumzike, ila asiamini kuwa saa yake imerekebishwa, akaenda moja kwa moja kupatana bei.

Mpango wa msafiri wa Guangzhou

Maonyesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou kila Aprili na Oktoba, hufungua milango saa 3:30 asubuhi. Kwa aliyefika jana kutoka Nairobi, mwili wake unasoma saa 10:30 alfajiri, wakati ambapo usingizi humlemea mtu kuliko wakati wowote. Saa 5 usiku anapopanda kitandani, mwili unasema ni saa 12 jioni. Hatua zifuatazo husaidia:

1. Siku tatu kabla ya safari, lala na uamke mapema kwa saa moja zaidi kila siku.

2. Siku ya kwanza, epuka mwanga mkali hadi kama saa 3 asubuhi ya Guangzhou. Miwani ya jua husaidia. Baada ya hapo kaa nje kwenye mwanga. Kwa aliyezoea kuamka saa 12 asubuhi nyumbani, mwanga wa kabla ya hapo huirudisha saa ya mwili nyuma badala ya kuipeleka mbele. Siku zinazofuata sogeza muda huo mapema kidogo kidogo.

3. Mchana usilale zaidi ya nusu saa. Kahawa na chai nzito ziishie mchana.

4. Muulize daktari au mfamasia kuhusu melatonini. Mapitio ya tafiti 10 yaliyotolewa mwaka 2002 yalikuta tafiti 9 zikionyesha kuwa inapunguza uchovu huu kwa wanaovuka kanda 5 au zaidi, ikimezwa karibu na muda wa kulala wa kule ulikofika. Kipimo kilikuwa miligramu 0.5 hadi 5. Ikimezwa wakati usiofaa huchelewesha mwili kuzoea. Wenye kifafa na wanaotumia warfarini wasiitumie bila ushauri wa daktari.

5. Siku mbili za kwanza ziwe za kutembelea maduka, kuchukua sampuli na kuandika bei. Kuweka saini na kutuma fedha kusubiri siku ya tatu.

Wakati wa kurudi

Kurudi magharibi ni rahisi kwa usingizi lakini kuna hatari barabarani. Saa 2 usiku nyumbani, mwili uliozoea China unasoma saa 7 usiku. Utafiti uliofanywa nchini Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Anayeshuka uwanjani jioni asishike usukani kuelekea Namanga, Busia au Tunduma usiku huo. Mwenye gari la mizigo ampe kazi dereva aliyelala, au asubiri kesho.

Dalili zisizo za uchovu

Mguu mmoja ukivimba, ukiuma na kuwa wa moto baada ya safari ndefu, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Usiukande wala kuufanyia masaji, nenda hospitali. Ikiwa pumzi inakata au kifua kinauma, nenda haraka zaidi. Aliyeumia kichwa karibuni au aliyewahi kuvuja damu kwenye ubongo asifanyiwe kraniosakro.

Homa pamoja na maumivu ya kichwa si dalili za kupishana saa. Msafiri aliyetoka eneo lenye malaria apime damu, hata akiwa China, na amweleze daktari nchi aliyotoka, maana huko malaria haiwi wazo la kwanza la daktari.