Uso wa Elektrodi katika Historia ya Kinga ya Umeme: Mtazamo kutoka Mapera, Wilaya ya Mbinga

Historia ya umeme mkoani Ruvuma huelezwa zaidi kwa kilometa na kilovolti. Kabla ya laini ya Makambako–Songea, miji ya Songea na Mbinga ilitegemea zaidi majenereta ya dizeli. Laini hiyo ya kilovolti 220, yenye urefu wa takribani kilometa 250, ilijengwa kwa ushirikiano wa Serikali za Tanzania na Sweden, ikazinduliwa Aprili 2019. Hata hivyo, kwa kaya iliyounganishwa na umeme huko Mapera, katika milima ya Umatengo, takwimu hizo haziondoi swali moja: umeme unapopanda ghafla, ni nini kinachokilinda kifaa? Insha hii inajenga hoja kwamba sehemu ya jibu imo mahali padogo mno, yaani pale metali inapogusana na polima.

Kwa kawaida polima huzuia umeme. Ikichanganywa na masizi ya kaboni, chembe hizo huungana na kuupitishia mkondo njia. Mkondo ukizidi, polima hupata joto, fuwele zake huyeyuka, hutanuka, na njia za kaboni hukatika. Ukinzani hupanda maelfu ya mara. Ikipoa, mkondo hupita tena, tofauti na fyuzi ambayo ikiungua sharti ibadilishwe. Kampuni ya Raychem ya California ilivieneza vifaa vya aina hii katika miaka ya 1980, na baadaye vikaingia katika mitambo ya simu, betri na kompyuta.

Ugumu haukuwa katika polima peke yake. Polima hutanuka kuliko metali. Kwa hiyo elektrodi laini huelekea kubanduka kadiri kifaa kinavyopata joto na kupoa. Hataza ya Raychem ya 1987 ilieleza elektrodi za foili zilizofanywa kuwa na uso wenye vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambamo polima hujishikiza. Mkulima wa Kimatengo hawezi kuiona hoja hiyo kuwa ngeni: mashimo ya ngoro hushikilia udongo na maji kwenye mteremko ambao, ukiachwa laini, humomonyoka.

Hata hivyo, kinga hii ina mpaka. Hutegemea joto, na joto huhitaji muda. Radi hupiga kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Ndiyo maana huhitaji kuandamana na waya wa ardhini na varista ya oksidi ya zinki, iliyobuniwa Japani na Michio Matsuoka wa Matsushita mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kwa mantiki hiyo, kuchomoa redio mawingu yanapotanda si ushamba, bali ni kinga inayozingatia mpaka huo. Historia ya usambazaji wa umeme inayohesabu nyumba zilizounganishwa, bila kuuliza vifaa vilivyomo vinalindwaje, haijakamilika.