Mkonge wa Ngombezi na Daftari la Mkulima

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo yalichipuka mashamba yaliyotanda Tanga nzima hadi Korogwe, Ngombezi likiwamo. Mwenye shamba alimiliki ardhi, korona (mtambo wa kuchakata majani) na vitabu vya hesabu. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, ambao wengi wao waliletwa kuanzia 1944 na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri vibarua, walikuwa na mikono yao na kipande cha kuhesabia siku thelathini za kazi.

Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takribani tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Miaka mitatu baadaye, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa. Bepari akaondoka, lakini mkataji akabaki mkataji, na hesabu zikahamia ofisi za shirika la umma. Kamba za plastiki zilishusha bei, usimamizi ukalegea, mapori yakameza mistari ya mkonge.

Wakati huohuo jirani zetu wa Handeni walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Huko Ruvuma, wanavijiji waliojipangia wenyewe kazi na mapato yao walivunjiwa chama chao mwaka 1969. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa. Naamini hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kushuka kwa bei: ushirika ulihubiriwa kila siku, lakini ule uliojitawala uliogopwa.

Ubinafsishaji wa 1998 uliyapeleka baadhi ya mashamba hayo ya umma kwa kampuni ya Katani. Wakulima wadogo wakagawiwa maeneo ndani ya mashamba hayo, kisha wakaunda vyama vyao vya ushirika wa mazao, AMCOS, katika mashamba ya Magunga, Hale, Mwelya, Magoma na Ngombezi.

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Jani la mkonge likishakatwa halisubiri. Lazima lifike kwenye korona upesi. Katika kilo mia za majani hutoka kama kilo nne tu za singa. Mkulima hupeleka mzigo wa majani na hulipwa kwa singa, na katikati kuna mtambo, mizani, daraja la ubora, usafiri, mkopo na makato. Asiyeona hatua hizo hana namna ya kujua kama kapunjwa, awe anamuuzia bepari, serikali au chama chake mwenyewe. Hati ya shamba pekee haimpi mkulima nguvu.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 imeupa mkutano mkuu wa wanachama mamlaka ya juu, na inataka hesabu zikaguliwe kila mwaka. Basi mwanachama wa Ngombezi, usikubali kusomewa jumla pekee. Dai uzito wa singa zako, daraja lake, bei iliyouzwa na kila kato, vibandikwe ukutani penye ofisi ya chama kabla ya malipo.