Mtindo wa Tiffany (pete ya uchumba)

Mtindo wa Tiffany ni namna ya kupachika almasi kwenye pete ya uchumba, iliyoletwa sokoni mwaka 1886 na kampuni ya Tiffany & Co. ya New York, Marekani. Vikucha sita hulinyanyua jiwe juu ya duara la pete, mwanga ukapenya hata kutoka ubavuni, na almasi ikameta kwelikweli.

Lakini vikucha hunasa nywele na nyuzi za nguo, tena huchakaa. Sonara mzoefu huligusa jiwe kwa ncha ya kibano. Likicheza, kikucha kimelegea na pete haifai kuvaliwa hadi itengenezwe. Vikucha vinne huliacha jiwe wazi zaidi, ila kimoja kikikatika hatari ni kubwa kuliko kwenye sita. Almasi ya mraba huhitaji kukingwa pembe zake, maana ndipo inapomeguka kwa urahisi.

Kwa muuguzi anayevaa na kuvua glavu kutwa, mtindo wa kale wa kulizungushia jiwe ukingo wa dhahabu ndio unaofaa zaidi, hata kama mng'ao utapungua kidogo.