Sehemu ya 6: Ua la shaba na vumbi la watoto

Leo nakupelekeni mbali, Katanga huko Kongo, halafu tutarudi kwenye kitalu chako cha mchicha.

Nyumba ya Tippu Tip pale Shangani unaijua. Enzi zake wafanyabiashara wa pwani walifika hadi kwa Msiri, mtu mwenye asili ya Unyamwezi aliyeitawala Katanga mpaka alipouawa mwaka 1891. Kwake kulikuwa na pembe, watumwa (tusifiche) na shaba. Watu wa huko waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Mzungu. Penye shaba nyingi miti haioti, lakini kuna kijimea cha ukoo mmoja na mrehani ambacho hapo ndipo kwao. Wachimbaji wa mambo ya kale walikifuata, wakakuta tanuri za zamani chini yake.

Wanasayansi wakaamini kinanyonya shaba kupita kiasi. Kumbe! Mwaka 2007 wenzao waliyaosha majani vizuri kabla ya kuyapima, na shaba ikashuka sana. Nyingi ilikuwa vumbi lililoganda juu.

Vumbi hilo ndilo linalokuhusu wewe. Kiwanda cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na moshi wake ukaacha ardhi ya upande mmoja wa mji tupu, haina hata nyasi. Ardhi tupu hupeperuka, ikaingia ndani, kwenye chakula na vidole vya mtoto anayetambaa. Wataalamu wa huko wakajaribu kupanda nyasi, wakatia mboji na chokaa, matokeo yakachapishwa 2010. Nyasi moja ya vilima vya shaba ilistahimili kuliko nyingine. Nyasi hizo haziondoi sumu. Chokaa na mboji huizuia isiyeyuke kirahisi, mizizi hushika udongo, basi vumbi halirushwi.

Ipo mimea inayonyonya kweli, inakatwa na kutupwa mbali. Tatizo, mboga zetu nazo hunyonya kiasi. Mwaka 1999 vilichapishwa vipimo vya mboga za kando ya mto Msimbazi na Sinza, Dar es Salaam: ndani mlikuwa na risasi na kadimiamu. Kuosha kunatoa vumbi. Kilichoingia ndani ya jani hakitoki kwa kuosha.

Unguja hatuna migodi, lakini betri za gari zinavunjwa uani, na ndani yake mna risasi. Hapo usipande mchicha. Panda ukoka uifunike ardhi, mboga zako tia kwenye ndoo au debe lenye udongo wa mahali pengine. Na wewe mjamzito unayetamani udongo, niambie bila haya, maana risasi inapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto, na hakuna kiwango kilicho salama kwa ubongo wake.

Kama mwanao amekuwa akicheza mahali hapo, usisubiri aumwe. Dalili huchelewa, wakati mwingine hazionekani kabisa. Mwambie daktari kuhusu betri, uulizie kipimo cha risasi kwenye damu.