Kigoma Mjini na safari ndefu ya mkutano wa hadhara

Februari 1994, mfumo wa vyama vingi ukiwa bado haujatimiza miaka miwili, Kigoma Mjini ilifanya uchaguzi mdogo uliovuta macho ya nchi nzima. Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA alitangazwa kushindwa na mgombea wa CCM, akaenda mahakamani. Matokeo yakafutwa, sababu mojawapo ikiwa ni Redio Tanzania, chombo cha umma, kumpendelea mgombea wa chama tawala. Mwaka 1995 wapiga kura wakampeleka Kabourou bungeni.

Redio ikiegemea upande mmoja, mpinzani hubakiwa na kipaza sauti na uwanja wa wazi. Lakini sheria ya polisi tuliyoirithi kwa Mwingereza, Sura ya 322, ilitaka kwanza kibali cha mkuu wa wilaya. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga Mahakama Kuu, Dodoma. Oktoba mwaka huohuo wa 1994, Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kwamba kudai kibali ni kuvunja haki ya kukusanyika iliyomo katika Ibara ya 20 ya Katiba.

Leo Kifungu cha 43 cha sheria hiyo ya polisi kinataka taarifa tu: barua kwa mkuu wa polisi wa eneo, saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Polisi wanaweza kuzuia mkutano wakiona amani itavunjika. Asiyeridhika hukata rufaa kwa waziri, na neno la waziri ndilo la mwisho.

Mwaka 2015 Kigoma Mjini ilimchagua Zitto Kabwe, mbunge pekee wa jimbo aliyeshinda kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Juni 7, 2016, polisi walipiga marufuku mikutano na maandamano ya vyama nchi nzima. Baadaye Rais John Magufuli alisema wabunge wahutubie majimboni mwao tu. Hivyo Zitto, kiongozi wa chama, aliweza kusimama Mwanga au Ujiji, jimboni mwake, lakini siyo Uvinza, wilaya iliyo ndani ya mkoa uleule. Oktoba 2018 alizungumzia madai ya mauaji huko Uvinza mbele ya waandishi wa habari, akashtakiwa kwa uchochezi. Mei 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani na kumwamuru asitoe kauli za uchochezi kwa mwaka mzima.

Januari 3, 2023, Rais Samia Suluhu Hassan aliondoa zuio hilo la mikutano. Tulishukuru, na tulistahili kushukuru. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka sita Ibara ya 20 ilikuwa palepale katika Katiba, na haikutosha kumlinda mwananchi. Kilichofungwa kwa tamko kilifunguliwa kwa tamko, na kinaweza kufungwa tena vivyo hivyo.

Bunge lirekebishe Kifungu cha 43: polisi wanaozuia mkutano watoe sababu kwa maandishi, na rufaa isikilizwe na hakimu kabla siku ya mkutano haijapita. Bila hivyo, haki ya watu wa Kigoma kukutana itaendelea kutegemea hisani ya aliye madarakani.