Troli, Kikaragosi na Nyasi Bandia

Ukisikia mtu akiitwa "troli" kwenye mtandao, usidhani ni kile kigari cha kusukuma dukani. Wengi husema ni zimwi la ngano za Skandinavia. Lakini asili inayotajwa zaidi ni ya uvuvi: kwa Kiingereza, neno hilo ni kuvuta mshipi wenye chambo nyuma ya mashua inayokwenda.

Mnamo 1979, Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walibuni Usenet, mfumo wa kujadiliana kupitia tarakilishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazoefu wa huko walikuwa na mzaha wao. Mmoja huuliza swali lililochakaa, mgeni hulijibu kwa bidii, wenyeji wakacheka. Samaki kanasa! Baadaye mzaha uligeuka uchokozi: chambo ikawa matusi, na mavuno yakawa hasira yako.

Miaka hiyo hiyo ya 1990 likaja jina la pili, kikaragosi cha soksi. Ukivaa soksi mkononi, unaweza kuifanya iseme na kukusifu. John Mackey, mkuu wa maduka ya Whole Foods, alifanya hivyo kwa miaka kadhaa hadi 2006. Akijiita Rahodeb (herufi za jina la mkewe, Deborah, zikipangwa upya), aliisifu kampuni yake na kuiponda Wild Oats, mshindani wake. Alifichuliwa 2007, Whole Foods ilipotaka kuinunua Wild Oats hiyo hiyo.

Jina la tatu halikuzaliwa mtandaoni. AstroTurf ni nyasi bandia zilizotandikwa katika uwanja wa Astrodome, Houston, mwaka 1966. Mwaka 1985 Lloyd Bentsen, seneta wa Texas, alipokea rundo la barua zilizochochewa na kampuni za bima. Akasema anajua kutofautisha sauti ya mashinani na AstroTurf.

Kwa nini tujali tofauti hizi? Kwa sababu kila ugonjwa una dawa yake. Troli hunyimwa jibu. Kikaragosi huvuliwa soksi. Nyasi bandia huulizwa nani kazilipia.

Na anayekupinga kwa hoja, kwa jina lake, hana hata moja kati ya magonjwa haya. Ukimwita troli umemfunga mdomo bure, na huenda ndiye aliyekuwa akisema kweli.